Tepe Haina Adabu

Fundi alikuwa na desturi ya kuita vipimo kwa sauti. Mteja alisimama karibu na mlango, penye mwanga, fundi akamzunguka na tepe, na kila tepe ilipotua aliita namba kama mwalimu anayeita majina ya darasa. Mpangilio haukubadilika hata siku moja: mabega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Hakutaja kiungo. Aliita namba tupu, sita mfululizo, na anayeandika alijua ipi ni ya wapi kwa mahali ilipokaa kwenye mstari.

Tangu duka lilipofunguliwa, aliyeandika alikuwa mke wake. Alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa mteja, kipande cha karatasi juu ya goti, akaandika bila kuuliza. Fundi alichora kwenye kitambaa kwa chaki, akakata, na karatasi ikaenda kwenye kapu la vitambaa chakavu. Katika miaka yote hiyo hakuna nguo iliyorudi dukani kwa sababu ya kubana au kupwaya. Fundi aliisema habari hiyo kwa kila mgeni, hata asiyeuliza. Kando ya kioo alikuwa ametundika cheti chake cha masomo ya jioni, alichokipata akiwa tayari baba wa watoto, na chini ya cheti palikuwa na mkasi wake wa kwanza, uliochakaa hadi ukawa mwembamba kama jani.

Kisha mambo mawili yakaja karibu pamoja. Mke wake aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na daktari akasema asahau habari ya kushinda kwenye kigoda. Na mkono wa fundi ukaanza kutetemeka.

Mkasi haukumsumbua. Mkasi wa fundi ni mzito, nao ukiulaza mezani unautuliza mkono wenyewe. Lakini chaki ni nyepesi. Mstari uliotakiwa kunyooka kama uzi ulitoka ukiwa na mawimbi, na fundi akaufuta na kuuchora tena, akaufuta tena, mpaka kitambaa kikawa cheupe kwa vumbi. Alichokosa ni mstari tu. Angepata mtu wa kumchorea mstari, angekata mpaka Mungu atakapomwita.

Mtu huyo akawa mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika ofisi iliyofungwa, na sasa alikuwa nyumbani akitafuta kazi nyingine. Alipoona baba mkwe anafuta chaki kwa kiganja huku amegeukia ukutani ili asionekane, alirudi nyumbani akakaa na kompyuta yake wiki kadhaa. Alipokuja dukani tena, alikuja na kompyuta hiyo, printa ya zamani na maneno mafupi.

"Baba, wewe ita namba zako kama kawaida. Mimi nitaziandika humu. Itachora ramani ya nguo kwenye karatasi, ukubwa wake halisi. Tutabandika karatasi juu ya kitambaa, wewe utakata."

Fundi akaitazama kompyuta kama mtu anayetazama mchumba wa binti yake.

"Inajua kushona?"

"Haijui."

"Inajua kitambaa?"

"Haijui, baba. Inajua namba tu. Tena namba zenyewe mpaka uifundishe."

Hilo lilimvutia. Hakutaka kukaa chumba kimoja na kitu asichokielewa. Akavuta kiti, akavaa miwani. "Nifundishe na mimi, basi. Usinifiche kitu."

Mkwe akamwonyesha. Akaandika mstari mmoja, kwa sentimita, kwa vidole vyake vyepesi:

40 96 80 104 58 120

"Unaona nini hapa, baba?"

"Namba sita. Mwanamke wa wastani, mrefu kidogo."

"Wewe unaona mwanamke. Kompyuta haioni hata namba. Kwake haya ni maandishi matupu, kama jina la mtu. Hiyo nne ni alama, sifuri ni alama, na nafasi iliyo katikati nayo ni alama. Ukiiambia igawanye kiuno kwa nne, itakushangaa. Nani amewahi kugawanya jina kwa nne?"

"Kwa hiyo ni ya darasa la kwanza."

"Darasa la awali! Sasa tunaisaidia. Kwanza, popote penye nafasi, inakata."

"Inakata," fundi akarudia. Neno hilo alilipenda.

"Inapata vipande sita. Bado ni vipande vya maandishi. Halafu tunaiambia: chukua kila kipande kwa zamu yake, kigeuze kiwe namba kamili, kiweke kwenye orodha kwa mpangilio uleule." Akabonyeza, na chini ya mstari wa kwanza ukatokea wa pili:

[40, 96, 80, 104, 58, 120]

"Ni zilezile," fundi akasema.

"Kwa macho ni zilezile. Lakini hizi za chini sasa zinagawanyika, zinajumlishwa, zinachorwa. Za juu zilikuwa za kusomwa. Za chini ni za kufanyia kazi."

Fundi akazitazama kwa muda. Mabano yale yalimfanya afikirie pindo za pande mbili, zinazozuia nyuzi zisichomoke.

"Na nusu je? Kwa inchi zangu, kuna watu wana nusu."

"Nimeitengeneza kwa namba kamili tu. Ukiipa nusu itagoma. Geuza tepe, tumia upande wa sentimita, nusu zitakwisha."

"Mashine gani isiyokula nusu?" Lakini akageuza tepe.

Siku za mwanzo zilikuwa za vichekesho. Fundi aliita, "Tisini na mbili na kidogo," na mkwe, kwa kumtania, akaandika kila neno kama lilivyotamkwa. Mstari mwekundu ukajaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Imekataa 'na kidogo', baba."

"Iambie ni kidogo tu!"

"Haijui kidogo. Kila kitakachotua kwenye ule mstari lazima kigeuke namba. Kisipogeuka, inasimama na kulia."

"Basi ni kama mama yenu," fundi akasema, na waliokaa kwenye benchi la kusubiri wakacheka. Benchi hilo halikukosa watu. Wengine walikuja kuchukua nguo, wengine kupumzisha miguu tu, na mwenye duka la rangi la jirani alikuja kila siku kwa sababu alikitamani chumba kile na alitaka kuwa wa kwanza kujua kikibaki wazi.

Meza ya kompyuta ilikuwa nyuma kabisa, ukutani, kwa kuwa soketi ilikuwa moja tu, na betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Fundi aliita kutoka mlangoni, mkwe akaandika kutoka nyuma, printa ikatoa karatasi, wakazibandika kwa gundi, na mkasi ukapita juu ya mstari ulionyooka kama zamani. Siku fundi alipokata gauni la kwanza kwa njia hiyo, aliweka mkasi mezani, akafuta miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

Gauni hilo lilikuwa la muuguzi wa zahanati. Alilichukua Jumamosi. Jumatatu akarudi nalo mkononi.

"Fundi, zipu haifiki juu."

"Haifiki?"

"Inaishia kiunoni. Nimevuta, mume wangu amevuta. Jirani ametaka kuja kuvuta, nikamwambia atosheke na ya kwao."

Benchi likacheka, lakini fundi hakucheka. Alilichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akatafuta kitambaa cha kuongeza kwenye mshono. Hakikuwepo. Mwenye duka la rangi alikuwa amekaa palepale, akajifanya anasoma mabandiko ya ukutani.

Muuguzi alipoondoka, fundi akaenda nyuma. "Mashine yako imepunguza."

"Haipunguzi, baba. Inachora ninachoandika."

"Basi wewe umepunguza."

Mkwe habishani na baba mkwe. Lakini jioni ile alimsimamisha mdoli wa mbao, yule wa kuvalishia nguo dirishani, akamwomba fundi ampime. Fundi akaita namba, yeye akaandika, ramani ikatoka, wakamkatia mdoli gauni la kitambaa cha bei rahisi. Likamkaa kama ngozi. Mkwe akabaki akimtazama mdoli, na mdoli akimtazama yeye.

Mteja wa pili alikuwa mke wa fundi saa. Safari hii mkwe alirudia kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika.

"Sabini na nane," fundi akaita.

"Sabini na nane," mkwe akajibu kutoka nyuma.

"Mnaniimbia?" mke wa fundi saa akauliza, huku amefurahi. "Rudieni hiyo tena, ni tamu."

Gauni lake nalo likarudi. Lilikuwa limepasuka ubavuni, kwenye mshono, na mwenyewe alikuja amejifunga kanga juu yake, bila utani wowote. Aliliweka mezani. "Nimepasukiwa mbele ya wakwe zangu, fundi," akasema, akatoka.

Fundi alikaa kwenye kigoda cha mkewe. Mikono yote miwili aliiweka kati ya magoti ili isionekane.

"Akili za kuambiwa, changanya na zako," akasema hatimaye. "Hiyo yako ina za kuambiwa tu. Haina za kwake za kuchanganya. Nimeivumilia kwa sababu yako, mwanangu. Lakini sikukaa humu miaka yote kuwapasua watu mbele ya wakwe zao." Akatazama mlangoni. "Mwalimu Mkuu anakuja Alhamisi. Anastaafu, anataka gauni la kuagia. Nitalikata hilo. Likirudi na lenyewe, natundika tepe, na jirani achukue chumba aweke makopo yake. Sitaki kungoja watu wanionee huruma."

Mkwe alirudi nyumbani akaifungua programu yake yote, mstari kwa mstari. Akaandika namba kwa nafasi mbili badala ya moja, akaweka alama ya mkato katikati, akaanza na nafasi, akamaliza na nafasi. Kila mara orodha ilitoka sawa, au programu iligoma waziwazi. Haikuwahi kudanganya. Hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Kosa linalolia unalifuata kwa sauti yake. Lakini kosa hili lilikuwa linapita mlangoni limevaa vizuri.

Kesho yake mume wake alipitia dukani kupimiwa suruali. Fundi akamzungushia tepe tumboni, akaita kwa sauti ya kusikika mtaani:

"Mia na nane! Watu wangu, mia na nane! Mkwe, unampa nini mwanangu, mbolea?"

"Baba, taratibu," mume akasema, akivuta tumbo ndani.

"Usilifiche. Aliyelala chali hafichi kitambi. Andika mia na nane!"

Benchi likaangua kicheko, mkwe akaandika, suruali ikakatwa, ikamkaa mumewe sawasawa. Sasa programu ilikuwa sahihi kwa mdoli na sahihi kwa mume. Kwa wateja tu ndiyo ilikosea. Mkwe alilizungusha jambo hilo kichwani kama mtu anayetafuta ncha ya uzi kwenye furushi, asiipate.

Alhamisi Mwalimu Mkuu akafika. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu na mpana, na alipoingia wale waliokuwa kwenye benchi walinyooka migongo bila kujua kwa nini. Nusu yao alikuwa amewafundisha.

"Kaeni, kaeni," akawaambia. "Fundi, nataka gauni la kumaliza nalo. Wanafunzi wangu wataniimbia, wazazi watakuwepo, nitapanda jukwaani ngazi kumi na kitu. Sitaki kitu kitakachonivuta, wala hema."

"Hutavutwa, mwalimu," fundi akasema, na mkwe, huko nyuma, akasikia sauti yake ilivyojaribu kuwa ile ya zamani.

Fundi akapima mabega. "Arobaini na tatu." Akapima kifua. "Mia na kumi." Alipofika kiunoni, tepe ikamponyoka. Mzunguko ulikuwa mkubwa, na mkono wake uliokuwa nyuma ya mgongo wa mwalimu haukutulia. Akajaribu tena, ikaponyoka tena. Mwenye duka la rangi akakohoa.

"Mkwe," fundi akasema bila kugeuka. "Njoo unishikie ncha."

Mkwe akaacha kompyuta, akaja. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama pale wakati wa kupima. Akashika ncha ya tepe ubavuni mwa mwalimu, fundi akaizungusha, akaikutanisha na ncha, akaikaza kwa kidole gumba. Namba ikawa mbele ya macho ya mkwe, nyeusi juu ya njano, kubwa kama kibao cha nyumba: mia na nne.

Fundi akaitazama namba hiyohiyo. Kisha akainua macho akamtazama mwalimu usoni, akatazama benchi, akaita:

"Tisini."

Mwalimu Mkuu akatabasamu kwa mbali, kama mtu aliyepewa kiti.

Mkwe alidhani hakusikia vizuri. Wakashuka nyongani. Tepe ikasema mia na ishirini na mbili. Fundi akasema, "Mia na kumi." Hakukonyeza jicho, hakupunguza sauti, hakuonekana kama mtu anayeficha kitu. Mkono: hamsini na tisa, akaita hamsini na tisa. Urefu: mia na ishirini na tano, akaita vilevile.

"Umezishika?" akamwuliza mkwe.

"Nimezishika, baba."

Akarudi nyuma akakaa. Kiashiria kilikuwa kinawaka na kuzimika mwanzoni mwa mstari mtupu. Mashine ingepokea lolote. Tisini ingegeuka namba kamili bila kulia, na mia na nne vivyo hivyo. Zote mbili zilikuwa namba nzuri, zisizo na nusu wala kidogo. Angeweza kuita kutoka pale, "Baba, tepe imesema mia na nne," na watu wote wangesikia, mwalimu akiwa wa kwanza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Akaandika:

43 110 104 122 59 125

Akabonyeza, na printa ikaanza kunguruma.

Jioni, kabla ya kwenda kwake, alipitia kwa mama mkwe. Mama alikuwa kitandani, mito mgongoni, anachambua vifungo kwenye sinia kwa ukubwa wake, kazi aliyojipa mwenyewe kwa kuchoka kukaa bure.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso wako una habari."

"Mama, ulipokuwa ukiandika vipimo vya baba, ulikuwa ukiandika anachosema?"

Mama akaacha vifungo. Alianza kucheka taratibu, akashika nyonga kwa sababu kicheko kilimuuma, akacheka hivyohivyo.

"Kumbe ndiyo hivyo! Na mimi nimelala hapa najiuliza magauni yanabana vipi." Akafuta macho. "Mwaka wa kwanza tulimpima bibi mmoja, benchi limejaa. Baba yenu akaita kiuno kama kilivyo. Kijana mmoja akapiga mluzi. Yule bibi alichukua mkoba wake akaondoka bila neno, na hatukumwona tena mpaka leo. Baba yenu hakula siku ile. Tangu hapo, mwanamke akisimama mbele ya watu, anampunguzia. Kwa mwanaume anasema kweli, tena anaongeza chumvi."

"Na wewe?"

"Mimi nilikaa ubavuni. Naiona tepe. Yeye alikuwa anasema na mtu, mimi nikiandikia kitambaa."

"Mlikubaliana?"

"Tukubaliane nini? Hatukuwahi kulizungumza."

Mkwe akafikiri. "Naweza kuweka kanuni, mama. Kiuno na nyonga, programu iongeze kumi yenyewe."

"Kumi kwa nani? Wengine aliwapunguzia inchi moja, wengine inchi sita. Anaangalia uso wa mtu, anaangalia nani amekaa kwenye benchi. Siku hakuna watu, hapunguzi kitu. Utaiandikia mashine kanuni ya uso?"

Mkwe akatikisa kichwa.

"Na baba mwenyewe anajua?"

Mama akachukua kifungo, akakitazama kwenye mwanga, akakiweka kwenye kundi lake. "Zamani alijua. Sasa, sidhani. Mdomo wake umezoea mpaka haumuulizi tena. Ndiyo maana anailaumu mashine kwa moyo mweupe. Haoni kosa lake."

"Nimwambie?"

"Utamwambiaje mzee wa watu kwamba namba zake si za kweli? Mwache. Asome mwenyewe. Kusoma anajua, tena ana cheti."

Gauni lilikatwa, likashonwa. Siku ya kulijaribu Mwalimu Mkuu aliingia nyuma ya pazia. Fundi alisimama ameshika tepe kwa ncha zote mbili, kama mtu anayengoja hukumu. Hata mwenye duka la rangi aliinuka.

Pazia likafunguka. Gauni lilikuwa la buluu nzito, nalo lilishuka kutoka mabegani hadi kwenye kifundo cha mguu bila kuvuta popote na bila kupwaya popote. Mwalimu akainua mikono juu. Akainama. Akapanda juu ya kigoda akashuka, kama anayepanda ngazi za jukwaa.

"Fundi," akasema mbele ya kioo, "umri huu wote, na bado niko tisini!"

"Bado, mwalimu," fundi akasema kwa furaha. "Bado kabisa."

Watu wakapiga makofi. Fundi akapeana mikono na kila mtu, hata jirani wa rangi, ambaye mkono wake ulikuwa umelegea kidogo. Mwalimu alipoondoka na gauni lake kwenye mfuko, fundi akaja nyuma akipiga hatua za kijana.

"Imejirekebisha! Nilisema, ikionywa itasikia. Hebu nionyeshe ile kazi yake, mistari miwili ile, ya kusoma na ya kufanyia kazi."

Mkwe alisita. Kisha akaifungua kazi ya mwalimu na kumwachia kiti. Fundi akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kama alivyofundishwa ukubwani, neno kwa neno, bila kuruka.

"Arobaini na tatu. Mia na kumi. Mia na..." Kidole kikasimama. "Mia na nne."

Fundi akamgeukia mkwe.

"Mimi niliita tisini."

"Uliita, baba."

"Wewe umeandika mia na nne."

"Nimeandika, baba."

"Umeitoa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika ncha ya tepe."

Fundi alitazama mlangoni, mahali wateja wanaposimama. Akatazama kigoda cha mkewe, ambacho tangu ajali kilirudishwa chini ya meza ya kukatia kila kilipokwisha kutumika. Macho yake yakaenda na kurudi kati ya sehemu hizo mbili mara kadhaa, kama mtu anayepima kitu kisichopimika kwa tepe. Mkwe aliona uso wake unavyobadilika: kwanza hasira, halafu ikaondoka, ikaja hisia nyingine asiyoijua jina lake.

"Miaka yote," fundi akasema polepole. "Mama yenu."

Akavua tepe shingoni, akaiviringisha, akaitundika kwenye msumari kando ya cheti. Hakuwahi kuitundika kabla ya kufunga duka. Akachukua kofia yake akaenda nyumbani, jua likiwa bado juu.

Mkwe akabaki na wale wa benchi. Mwenye duka la rangi akainuka, akakipima chumba kwa macho kutoka kona hadi kona. "Mzee amechoka," akasema kwa upole wa mtu mwenye rafu za kupanga.

"Amekwenda kumwona mkewe," mkwe akajibu. Hakuwa na hakika na alichokisema.

Asubuhi alikuja mapema akakuta duka limeshafunguliwa. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyundo mkononi, anagongelea waya mpya wa umeme kwenye pembe ya ukuta. Waya ulianzia kwenye soketi ya nyuma, ukafuata ukuta mzima, ukapita chini ya dirisha la mdoli, na kufika karibu na mlango. Nyundo, kwa uzito wake, haikutetemeka.

"Baba, unafanya nini?"

"Shika meza upande huo."

Wakaibeba meza ya kompyuta hadi mlangoni. Fundi akakivuta kigoda kutoka chini ya meza ya kukatia, akakiweka, akakisogeza kidogo kushoto, akarudi nyuma akatazama, akakisogeza tena.

"Mama yenu amesema hapa hasa. Mbele kidogo ya hapa, mteja anakuona unavyochungulia. Nyuma ya hapa, huoni kitu." Akapangusa kigoda kwa kiganja. "Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, 'Ningekuambia, ungeanza kuita kweli, na mimi nilikupenda kwa ule uongo.' Haya, kaa."

Mkwe akakaa. Alitaka kusema kitu, akaona ni afadhali awashe kompyuta.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke kijana, mjamzito wa miezi ya mwanzo, aliyekuwa bado anajifunika kwa mkoba. Benchi lilikuwa tayari na watu wawili. Fundi akachukua tepe msumarini, akaivaa shingoni, akamkaribisha penye mwanga.

"Thelathini na tisa," akaita. "Tisini na nne."

Tepe ikashuka kiunoni, ikazunguka, ncha zikakutana. Fundi akamtazama yule mwanamke usoni, akatazama benchi.

"Sabini na sita," akaita, kwa sauti safi.

Na kidole chake gumba, kilichokuwa kimeifunika namba, kikajiinua kidogo upande wa kigoda, mkwe aione.